Kadi za Dokta Codman

Hospitali hupenda kujisifu kwa wingi wa vitanda. Dokta Ernest Codman, mpasuaji wa Boston, Marekani, aliuliza jambo jingine: mgonjwa aliyeruhusiwa, je, amepona? Mwaka 1911 alifungua hospitali yake ndogo, kila mgonjwa na kadi yake, akafuatiliwa hata baada ya kurudi nyumbani. Kati ya wagonjwa 337 walioruhusiwa hadi 1916, aliorodhesha makosa 123, akayachapisha. Wenzake walimnunia. (Katuni aliyowakejeli nayo mwaka 1915, mimi naona ilikuwa ufidhuli.) Hata hivyo chama cha wapasuaji cha Marekani kikaanza kuzikagua hospitali kubwa. Kati ya 692, zilizofaulu zilikuwa 89 tu. Majina yakachomwa moto usiku hotelini New York, mwaka 1919, magazeti yasiyapate.