Fanani, Hadhira na Soko: ElfQuest na Historia ya Katuni Huru za Marekani

Makala haya yanachunguza uhusiano baina ya msanii na wasomaji wake katika utanzu ambao wahakiki wetu huupitia mbali, yaani vitabu vya katuni. Katika shule za upili tunawafundisha wanafunzi kwamba hadhira ya fasihi simulizi ni hai, humwona fanani ana kwa ana, humwitikia, humkosoa na hata kumlisha. Ilhali hadhira ya fasihi andishi haionekani, na mwandishi huiandikia bila kuijua. Mgawanyo huu una manufaa yake darasani. Hata hivyo, ziko kazi zilizochapishwa ambazo haziutii, na mojawapo ni ElfQuest, hadithi ya katuni iliyoanza kutolewa nchini Marekani mwaka 1978. Kurasa zake za barua, taarifa za wapenzi wake, vinyago na michezo iliyotokana nayo ni sehemu ya historia yake sawa na michoro yenyewe. Swali linalotushughulisha ni hili: mwandishi anayeishi kwa kununuliwa moja kwa moja na wasomaji wake, bila tajiri wa kati, ana uhuru kiasi gani juu ya hadithi yake?

Ili tulielewe swali hilo ni lazima turudi nyuma kidogo. Mwaka 1938 vijana wawili, Jerry Siegel na Joe Shuster, waliuza haki zote za mhusika wao Superman kwa dola 130. Kampuni iliyomnunua ilipata mamilioni. Wao walibaki kuwa vibarua, na baadaye wakaishia mahakamani. Huo ndio uliokuwa utaratibu wa sekta nzima kwa miongo kadhaa. Msanii alilipwa kwa ukurasa, mhusika akawa mali ya kampuni, na kila fulana au mwanasesere aliyeuzwa kwa sura ya mhusika huyo alimnufaisha mwenye hakimiliki pekee. Usambazaji nao uliwafungia wanyonge mlango. Majarida yaliuzwa kwenye vibanda vya magazeti, na yasiyonunuliwa yalirudishwa kwa mchapishaji kwa hasara yake. Mtu binafsi asiye na mtaji mkubwa hangeweza kustahimili hasara ya aina hiyo hata kwa toleo moja.

Aliyeufungua mlango huo alikuwa mwalimu mwenzetu. Phil Seuling alifundisha Kiingereza katika shule ya sekondari mjini Brooklyn, na tangu mwaka 1968 alikuwa akiandaa makongamano ya wapenzi wa katuni jijini New York. Mnamo 1973 alikubaliana na wachapishaji wakubwa kwamba angenunua majarida yao kwa bei nafuu zaidi, naye hangerudisha hata nakala moja. Aliyauza kwa maduka madogo yaliyoshughulika na katuni tu. Jambo hili laonekana dogo, la kibiashara tu, lakini athari yake katika fasihi ilikuwa kubwa. Sasa mchapishaji mdogo angeweza kujua kabla ya kupiga chapa ni nakala ngapi zimeagizwa, akachapisha hizo na chache za ziada.

Wendy na Richard Pini walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuupita mlango huo, na kisa cha kukutana kwao chafaa kusimuliwa maana kinahusiana na hoja yetu. Mwaka 1969, Wendy, aliyekuwa bado msichana huko California, aliandika barua kwa jarida la Silver Surfer nayo ikachapishwa katika toleo la 5. Siku hizo barua zilichapwa pamoja na anwani za waandishi. Richard, mwanafunzi wa chuo cha MIT upande wa pili wa nchi, aliisoma, akamwandikia. Waliandikiana kwa muda mrefu, wakaonana, na mwaka 1972 wakaoana. Ukurasa wa barua, ambao wahakiki wengi huuona kuwa mapambo tu ya nyuma ya jarida, ndio uliozaa ndoa na hatimaye kazi nzima ya fasihi.

Sehemu ya kwanza ya ElfQuest ilitolewa mwaka 1978 katika jarida dogo liitwalo Fantasy Quarterly, ambalo halikuishi kupita toleo hilo. Wana Pini hawakuridhika na karatasi wala uchapaji, na badala ya kutafuta mchapishaji mwingine waliunda kampuni yao nyumbani kwao Poughkeepsie, jimbo la New York. Waliiita WaRP, kifupi cha Wendy na Richard Pini. Richard alikuwa mfanyakazi wa IBM; mshahara ulilipa nyumba huku mke akichora. Matoleo yalitoka machache kwa mwaka, yakiwa na jalada la rangi na kurasa za ndani nyeusi kwa nyeupe. Sehemu kuu ya hadithi ilikamilika katika toleo la 20, mwezi Oktoba 1984.

Ploti yake si ngumu. Waelfi, viumbe wa ngano za Ulaya wenye masikio yaliyochongoka, wanaishi msituni na kupanda mbwamwitu badala ya farasi. Binadamu wanauchoma moto msitu wao, nao wanaanza safari ndefu wakiongozwa na mkuu wao kijana, Cutter. Jangwani wanakutana na Waelfi wengine walio wakulima, wasiofanana nao kwa rangi wala mila, na hapo dhamira kuu inajitokeza: je, kabila lililofukuzwa kwao linaweza kuwatambua ndugu lisiowajua? Msomaji aliyezoea hadithi za asili za jamii zetu kuhusu kuhama na kutafuta ardhi hatapata shida kuifuata. Kinachoitenga na katuni nyingi za wakati wake ni kwamba wahusika huzeeka, huzaa, na hufa bila kufufuliwa. Aidha wahusika wa kike hawakuwekwa humo kama mapambo. Leetah, mganga wa jangwani, ana msimamo wake hata dhidi ya Cutter anayempenda.

Sasa tuje kwenye hadhira. Wasomaji wa ElfQuest hawakuishia kuandika barua. Walijiunga katika vikundi walivyoviita Holt, jina la makao ya Waelfi katika hadithi, na kila kikundi kilibuni kabila lake, wakuu wake, nasaba yake na hata mbwamwitu wake. Walitoa vijarida vyao vya kuchapwa kwa mikono yao, vyenye habari, michoro na visa vipya. Kwa jumla wana Pini waliwahimiza, ila kwa sharti moja lenye busara: bunini Waelfi wenu wenyewe, mtuachie Cutter na wenzake. Mtu aliyewahi kusikiliza ngano moja ikitambwa na wasimulizi wawili wa vijiji tofauti atautambua utaratibu huu. Muundo ni wa wote, lakini utambaji ni wa fanani. Ulimwengu wa hadithi ukawa uwanja ambao hadhira ingeweza kuuingia na kutamba, huku shina la hadithi likibaki mikononi mwa aliyelipanda.

Bidhaa zilifuata njia hiyo hiyo. Kuanzia 1981 hadithi ilikusanywa katika vitabu vya rangi vilivyouzwa katika maduka ya kawaida ya vitabu, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa katuni za Marekani wakati huo. Mwaka 1982 ikatoka riwaya waliyoiandika wenyewe. Mwaka 1984 kampuni ya Chaosium ilitoa mchezo wa kuigiza wahusika, ambapo wachezaji huketi mezani na kila mmoja humsemea mwelfi wake huku kiongozi wa mchezo akisimulia. Kulikuwa pia na vinyago vidogo vya madini vya kupaka rangi. Na mwaka 1986 ulianza mfululizo wa vitabu, Blood of Ten Chiefs, ambamo waandishi wengine walialikwa kusimulia visa vya wakuu waliomtangulia Cutter.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu baadhi ya wahakiki hulichukulia kila jambo linalouzwa kando ya kitabu kuwa tangazo la biashara lisilohusu fasihi. Sikubaliani nao. Mchezo wa Chaosium haukumtaka mnunuzi atazame tu, ulimtaka asimulie. Ni fasihi simulizi iliyozalika kutokana na maandishi, na iliyouzwa ndani ya sanduku. Fulana yenye picha ya Cutter ni jambo jingine, wala sidai kwamba vitu hivyo viwili vina uzito mmoja. Mhakiki anapaswa kuuliza kila bidhaa inamfanya msomaji awe nani, mtambaji au mnunuzi tu.

Tofauti hiyo inadhihirika zaidi tukiitazama kazi nyingine iliyozaliwa kwa njia ile ile. Mwezi Mei 1984, Kevin Eastman na Peter Laird wa mji wa Dover, New Hampshire, walitoa toleo la kwanza la Teenage Mutant Ninja Turtles, yaani kobe wanne waliofunzwa mapigano ya Kijapani. Walitumia pesa za kurejeshewa kodi pamoja na mkopo wa mjomba wake Eastman, wakachapa nakala 3,000 hivi. Ilikuwa dhihaka ya katuni za mashujaa zilizotamba wakati huo, yenye michoro ya kiza na damu. Nakala ziliisha upesi. Kisha akaja wakala wa leseni, Mark Freedman. Mwezi Desemba 1987 ikaonyeshwa katuni ya televisheni, mwaka 1988 kampuni ya Playmates ikaanza kuuza wanasesere, na filamu ya mwaka 1990 ikaingiza zaidi ya dola milioni 200.

Eastman na Laird, tofauti na Siegel na Shuster, walikuwa wenye mali. Hakuna aliyewapora. Lakini mikutano ya leseni iliwala muda, wakaacha kuchora pamoja, na matoleo mengi ya jarida lao yakaandikwa na kuchorwa na wengine. Kobe wa damu na kiza wakageuzwa wachekeshaji wa watoto wanaopenda piza. Hapa pana kinaya kikubwa: waliushinda mfumo uliowadhulumu wazee wao, na mali yao wenyewe ikawaondoa mezani pa kuchorea. Kwa haki ni lazima tuseme pia kwamba Laird aliitumia sehemu ya mapato kuanzisha mfuko wa Xeric mwaka 1992, uliowasaidia wachoraji wachanga kujichapishia kazi zao kwa miaka 20. Mwaka 2009 kobe wenyewe waliuzwa kwa kampuni ya Viacom kwa dola milioni 60.

Mafanikio yao yalileta balaa jingine. Kati ya 1986 na 1987 maduka yalifurika majarida ya kuiga, mengine yakiwa na panya wapiganaji badala ya kobe, na wanunuzi wakayaweka kabatini wakitumaini bei itapanda. Haikupanda. Maduka yaliyokuwa yameagiza bila haki ya kurudisha yalibaki na marundo ya karatasi, na mengi yakafungwa. Utaratibu wa mwalimu Seuling ulikuwa na makali pande zote mbili.

Katika hali hiyo kundi la wasanii, wakiwemo Eastman, Laird na Dave Sim wa Kanada, lilikutana Northampton, Massachusetts, mwezi Novemba 1988, likatoa tamko la haki 12 za mtunzi wa katuni, lililoandikwa kwa sehemu kubwa na Scott McCloud. Sim mwenyewe alichukua msimamo mkali. Hadithi yake ya Cerebus, iliyoanza Desemba 1977, aliipeleka hadi toleo la 300 mwezi Machi 2004 kama alivyoahidi, na mwaka 1986 aliuza kitabu kimoja cha mkusanyo kwa njia ya posta moja kwa moja kwa wasomaji, jambo lililowaudhi wasambazaji. Wengi wa wasomaji wake walimkimbia kwa sababu ya maoni yake kuhusu wanawake. Hakubadilisha neno. Uhuru wa aina hiyo upo, ila bei yake ni hadhira.

Wana Pini walipita katikati. Kati ya 1985 na 1988 waliiruhusu kampuni ya Marvel kuichapisha upya ElfQuest kwa rangi katika matoleo 32, bila kuiuza hakimiliki. Katika miaka ya 1990 waliwaajiri wachoraji wengine na kutoa mifululizo kadhaa kwa pamoja. Kwa maoni yangu hicho ndicho kipindi chao dhaifu zaidi, kwani sauti ya fanani ilipotea katika umati wa wasaidizi. Mwaka 2003 waliikodisha kazi yao kwa kampuni ya DC, na mwaka 2007 haki zikawarudia. Mwaka uliofuata walianza kuweka kurasa zote kwenye mtandao wa intaneti zisomwe bila malipo. Mwaka huo huo wa 2008 kampuni ya Warner Bros. ilitangaza mpango wa filamu, na mwaka 2012 ikauacha.

Nyaraka zao, pamoja na michoro asilia, zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Columbia jijini New York, iliyotangaza kuzipokea mwaka 2013. Kuanzia 2014 Wendy alichora sehemu ya mwisho ya safari ya Cutter, nayo ikakamilika tarehe 28 Februari 2018, miaka 40 baada ya kuanza. Baadhi ya wasomaji walioinunua siku hiyo walikuwa wameanza kuifuata wakiwa wanafunzi, na wengine wangali na majina ya Kielfi waliyojipa katika Holt zao.