Filamu Isiyo na Msimulizi: These Hands ya Flora M'mbugu-Schelling kama Chanzo cha Historia

Mto Ruvuma huanzia katika milima ya Matogoro, Songea, kisha huwa mpaka wetu na Msumbiji. Kwa mtafiti aliyepo hapa, basi, These Hands (1992) ya mwongozaji Mtanzania Flora M'mbugu-Schelling ni filamu inayohusu majirani. Baada ya Kumekucha (1987), alipeleka kamera kwenye machimbo ya Kunduchi, Dar es Salaam, ambako wanawake, wengi wao wakimbizi kutoka Msumbiji, waliponda mawe kwa mikono ili kupata kokoto za ujenzi.

Filamu hiyo ya dakika 45 haina msimulizi. Mtazamaji haelezwi chanzo cha vita vilivyowakimbiza, na huo ni upungufu wa kweli kwa anayetafuta sababu. Hata hivyo, sikubali kwamba ni kasoro. Msimulizi angezungumza kwa niaba yao. Badala yake tunasikia nyundo, tunaona watoto kando ya mama zao, kisha wanawake wanaimba. Mwanahistoria analazimika kuitazama kazi yenyewe, pigo kwa pigo. Mkataba wa amani wa Msumbiji ulitiwa saini Roma Oktoba 1992, mwaka uleule wa filamu.