Picha jongefu katika uchunguzi wa bega lisilo imara

Picha jongefu za bega ni uchunguzi wa kitabibu unaonasa kiungo cha bega kikiwa katika mwendo, ili ionekane kichwa cha mfupa wa mkono kinahamia wapi, kwa kiasi gani na katika hatua ipi ya mwendo huo. Wanaohitaji zaidi uchunguzi huu ni watu ambao bega lao huteguka mara kwa mara, au huchomoka nusu na kurudi lenyewe kabla hawajafika hospitali. Kuteguka ni tukio la sekunde chache. Eksirei ya kawaida hupigwa mgonjwa akiwa ametulia, mkono unaning'inia na mfupa umekwisha kurudi mahali pake, hivyo daktari huona makovu ya tukio, tukio lenyewe asilione.

Hakuna kiungo mwilini chenye uhuru zaidi wa mwendo kuliko bega, na uhuru huo ndio unaolipunguzia uimara. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, nacho huegemea kishimo kifupi cha kombe la bega, mfano wa limau lililowekwa juu ya kizibo cha soda. Sehemu ya kichwa inayogusana na kishimo kwa wakati mmoja ni robo hadi theluthi tu. Kinachokizuia kisiteleze ni ukingo wa gegedu unaozunguka kishimo, ligamenti, kifuko cha kiungo, na misuli minne inayokikumbatia kichwa na kukikandamiza kishimoni mkono unapoinuka. Kombe nalo halitulii. Verne Inman na wenzake, waliochapisha utafiti wao Marekani mwaka 1944, walionyesha kwamba kwa kila nyuzi mbili ambazo mkono huinuka katika kiungo chenyewe, kombe huzunguka kama uzi mmoja. Uwiano huo hutofautiana kati ya mtu na mtu, lakini ulithibitisha kwamba bega haliwezi kueleweka kwa kutazama mfupa mmoja uliosimama.

Makovu ya kuteguka yalijulikana mapema. Mwaka 1923 daktari wa upasuaji wa London, Arthur Bankart, aliandika kuhusu ukingo wa gegedu uliobanduka upande wa mbele wa kishimo, na jeraha hilo bado linaitwa kwa jina lake. Mwaka 1940 Harold Hill na Maurice Sachs wa San Francisco walieleza bonde linalochimbika nyuma ya kichwa cha mfupa wa mkono kinapogongwa na ukingo mgumu wa kishimo. Mabega mengi, zaidi ya 90 katika kila 100 yanayoteguka, hutokea mbele, ndiyo maana majeraha hayo mawili mara nyingi hukutwa pamoja. Ila ukubwa wa kovu peke yake hausemi kama bega litateguka tena.

Wazo la kutazama mifupa ikisogea ni la zamani karibu sawa na eksirei. Wilhelm Röntgen aligundua mionzi hiyo huko Würzburg, Ujerumani, Novemba 1895. Kufikia 1897 John Macintyre wa Glasgow alikuwa ameshatengeneza filamu fupi ya mguu wa chura ukikunjuka. Fluoroskopia, yaani eksirei inayoonyeshwa moja kwa moja kwenye kioo, ilianza katika miaka hiyohiyo. Kwa bega, udhaifu wake ni kwamba huonyesha kivuli cha upande mmoja. Mfupa ukizunguka kidogo, kivuli hubadilika kana kwamba umehama.

Kipimo kilichowafungua macho wengi kilitolewa na Stephen Howell na wenzake mwaka 1988. Walilinganisha mabega mazima na mabega yaliyolegea, mkono ukiwa katika mkao wa mtu anayejiandaa kurusha jiwe. Katika bega zima, kichwa cha mfupa kilirudi nyuma kama milimita 4 kutoka katikati ya kishimo. Katika mabega mengi yaliyolegea upande wa mbele, hakikurudi nyuma bali kilisogea mbele. Kwa hiyo tofauti kati ya bega zima na bovu ni ya milimita chache, nayo hujitokeza katika mkao maalumu tu. Picha ya mkono ulioning'inia haiwezi kuinasa.

Kupima milimita hizo kwa usahihi kulihitaji mbinu nyingine. Alama zinazobandikwa kwenye ngozi, zinazotumika kwa goti, hazifai kwa kombe kwa sababu ngozi huteleza juu ya mfupa. Göran Selvik wa Lund, Uswidi, alionyesha katika tasnifu yake ya 1974 jinsi ya kufuatilia mifupa kwa chembe ndogo za metali ya tantali zilizopandikizwa ndani yake, njia sahihi sana lakini inayodai upasuaji. Fluoroskopia ya pande mbili iliondoa haja hiyo. Mgonjwa huketi mahali ambapo miale ya mashine mbili za eksirei inakatiza. Kabla ya hapo hupigwa CT, yaani eksirei ya tabaka kwa tabaka, ambayo kompyuta huitumia kujenga umbo kamili la kombe na la mfupa wa mkono. Mgonjwa anapoinua mkono, mashine zote mbili hupiga picha nyingi kwa sekunde. Kisha programu hugeuza na kusogeza maumbo yale mpaka vivuli vyake vilingane na vivuli halisi, picha baada ya picha. Makosa yake huwa chini ya milimita moja. Michael Bey na wenzake wa Henry Ford Hospital, Detroit, waliijaribu njia hiyo kwa bega na kuchapisha matokeo mwaka 2006.

Zipo pia njia nyingine za kunasa mwendo. Mashine za CT zenye safu 320 za vipokezi, zilizoanza kutumika hospitalini mwaka 2007, hufunika sentimita 16 bila kitanda kusogea, hivyo bega lote hunaswa mfululizo likiwa katika mwendo. MRI, yaani picha za sumaku, haina mionzi na huonyesha gegedu na misuli, lakini ni ya polepole na bomba lake humbana mgonjwa. Altrasaundi haipenyi mfupa, ila ni nafuu, na daktari anaweza kuyalinganisha mabega yote mawili papo hapo mgonjwa akisogeza mkono.

Faida kubwa ya elimu ya mwendo imeonekana katika kuchagua upasuaji. Mwaka 2000 Stephen Burkhart wa Marekani na Joe De Beer wa Cape Town, Afrika Kusini, walichapisha matokeo ya mabega 194 yaliyoshonwa ukingo kwa msaada wa kamera inayoingizwa kwenye kiungo. Pale ambapo mfupa haukuwa umepotea sana, 4% ya mabega yalilegea tena. Pale ulipopotea sana, yalilegea tena 67%. Mwaka 2007 Nobuyuki Yamamoto, Eiji Itoi na wenzao wa Japani walipima njia ambayo kishimo hupita juu ya kichwa cha mfupa mkono unapoinuka, na baadaye vipimo vya MRI kwa watu hai viliipa njia hiyo upana wa 83% ya upana wa kishimo. Kishimo cha milimita 25 kina njia ya karibu milimita 21. Kikimeguka milimita 5, zinabaki 16. Bonde linaloishia milimita 18 kutoka pale kano zinaposhika mfupa linavuka njia hiyo, na kushona ukingo peke yake hakutatosha. Huenda bonde likajazwa kwa kano, au kipande cha mfupa kihamishiwe mbele ya kishimo, upasuaji ulioelezwa na Michel Latarjet wa Ufaransa mwaka 1954.

Kuna kundi jingine ambalo kwangu ndilo linaloonyesha vizuri zaidi thamani ya picha hizi: wagonjwa ambao mfupa na gegedu ni vizima, lakini misuli huvuta kwa wakati usiofaa na kulichomoa bega. Chini ya nusukaputi misuli hulala na kasoro hupotea. Kumtazama mgonjwa akiwa macho, akiinua mkono mwenyewe, kunaweza kumwepusha na kisu asichokihitaji, kwani dawa yake kuu ni mazoezi tiba.

Mipaka ipo. Vipimo vingi huchukuliwa mkono ukienda taratibu, ilhali mrushaji au mchezaji anayeanguka huteguka kwa kasi na nguvu isiyoweza kuigizwa maabara, na si halali kumtegua mtu ili apigwe picha. Mgonjwa mwenye hofu hukaza misuli na kuficha ulegevu. CT na fluoroskopia huleta mionzi karibu na tezi ya shingo na matiti, jambo zito kwa kuwa wagonjwa wengi ni vijana.

Fluoroskopia ya pande mbili bado ni chombo cha watafiti. Altrasaundi, kwa upande wake, ipo katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki, na fluoroskopia ya kawaida hutumika katika vyumba vya upasuaji wa mifupa. Mgonjwa ambaye bega lake linarudia kuteguka huku eksirei ikionyesha kiungo kizima asikubali kuambiwa hana tatizo. Amwombe daktari alitazame bega hilo likisogea.