Wekundu wa Vyungu vya Ikombe

Ikombe, kijiji cha Wakisi kando ya Ziwa Nyasa, ardhi ya kulima ni haba, kwa maana Milima ya Livingstone inaporomoka karibu mpaka majini. Wakisi waliishi kwa samaki na kwa udongo. Wanaume walivua, wanawake walifinyanga, na mitumbwi ikavusha vyungu hadi Matema na tambarare za Kyela kubadilishana na nafaka za Wanyakyusa. Wamisionari wa Berlin walipofika mwaka 1891, biashara hiyo ilikuwa ya zamani. Mpaka leo vyungu huuzwa Jumamosi kwenye soko la Lyulilo, ingawa sufuria za alumini zimeingia jikoni.

S. A. C. Waane alichapisha utafiti wake juu ya wafinyanzi hawa mwaka 1977. Wengi husifu jinsi mama anavyozungusha chungu kwa mkono juu ya kigae. Mimi huganda kwenye rangi. Udongo mwekundu, ambao wekundu wake ni oksidi ya chuma, sharti usagwe kwa jiwe uwe laini ndipo uchanganywe na maji na kupakwa. Kisha chungu husuguliwa kwa kokoto mpaka king'ae. Ulaini huo ndio unaoamua rangi. Chembe za hematiti, yaani hiyo oksidi nyekundu, zikiwa ndogo sana wekundu hukolea. Zikiwa kubwa rangi huelekea zambarau. Moto nao una kazi yake: oksidi ya manjano yenye maji ndani yake huyapoteza kwenye nyuzi 300 hivi za Selsiasi, ikawa hematiti nyekundu.

Kusaga kuna njia nyingine pia, nayo hutumika kwenye dhahabu. Huko Lupa, kaskazini, dhahabu iligunduliwa mwaka 1922, na miaka ya 1930 vijana wengi wa Kinyakyusa walikwenda kuichimba. Siku hizi wachimbaji wadogo wa huko Chunya husaga mawe kwa karasha, pipa la chuma linalozunguka na gololi ndani. Maabara husaga oksidi kwa mashine za ukoo huohuo. Mwanzoni gololi huvunja punje tu. Saa zikizidi, punje hazivunjiki tena kirahisi. Kipigo huzama ndani, safu za atomi zikapinda na kukatika, fuwele moja ikawa vipande vingi visivyoonekana kwa macho. Hematiti ikisagwa hivyo muda mrefu ndani ya maji, kwa gololi za chuma, huweza kugeuka manyetiti: nyeusi, yenye kunaswa na sumaku, bila tanuri lolote. Jiwe la mfinyanzi halifiki huko, wala yeye hautaki weusi huo.