Punda wa Mto Nzeeu

Farasi sijawahi kumpanda. Kwetu Kitui mnyama wa safari na mizigo ni punda, na historia inasema kwa nini. Farasi humalizwa na ugonjwa unaoenezwa na usubi, punda huustahimili. Tena kulikuwa na mbung'o. Makueni, miaka ya 1940, ilibidi vichaka vifyekwe kuwaondoa ndipo watu wahamie huko na mifugo.

Nikiwa na miaka 11, punda wetu aliniangusha kwenye mchanga wa Nzeeu. Mkono ukavunjika. Ulipopona, nilikataa hata kumkaribia. Susu hakunigombeza. "Basi tembea kando yake," akasema. Wiki mbili nikatembea kando, yeye na mitungi yake minne, lita 80. Nikajifunza masikio yake: yakilala nyuma, ngoja. Siku moja nikapanda, Susu ameshika kamba. Kumbe aliiachia mapema, wala hakuniambia.

Kuanzia 2016 vilifunguliwa vichinjio vya punda, ngozi zikienda China. Wizi ukatapakaa hadi serikali ikapiga marufuku uchinjaji mwaka 2020. Mwaka uliofuata mahakama ikaitengua. Wetu aliibwa kabla ya marufuku. Susu akarudia mtungi mgongoni, ukanda kichwani.

Nilipomletea mwingine, alikataa. "Wa kuibiwa tena?" Sikubishana. Nilichukua likizo, nikalala karibu na zizi, na asubuhi tukaenda mtoni sote watatu. Siku ya tisa, Susu alinyoosha mkono, akaomba kamba.