Dume au Jike: Biashara ya Samaki wa Kioo Bujumbura

Kwetu Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, samaki ni mukeke, sangala na ndagala. Vile vidogo vya kwenye mawe, virefu kama kidole, mtoto akivinasa kwa ndoana alivirudisha majini maana havijazi hata kisahani. Ndiyo maana mtaa mzima ulicheka uliposikia kuna Mzungu anavinunua vikiwa hai na kuvipandisha ndege.

Mzungu huyo alikuwa Pierre Brichard, Mbelgiji aliyekuwa ameshauza samaki wa mapambo kutoka mto Kongo. Mwaka 1971 alianzisha biashara yake Bujumbura. Alijua alichokifuata: Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, na ndani yake aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii ya sikilidi, karibu zote zikiwa hazipatikani penginepo duniani. Kitabu chake cha kwanza juu ya samaki wa Tanganyika kilitoka 1978, kingine kikubwa zaidi 1989. Tayari mwaka 1974 mtaalamu wa samaki Max Poll alikuwa amempa samaki mmoja jina la brichardi, na Ulaya wakamwita huyohuyo Binti Mfalme wa Burundi. Wazamiaji waliowatoa samaki hao majini hawana samaki aliyepewa jina lao.

Mimi niliajiriwa, si kwake, kuchambua: dume tangi hili, jike tangi lile. Mteja wa Ujerumani hataki samaki tu, anataka watakaozaa. Sasa chukua Tropheus, mmoja wa sikilidi hao. Dume na jike wana rangi moja na umbo moja. Unalowesha kiganja, unamgeuza tumbo juu, unamfunika macho kwa kidole ili atulie, halafu unatazama karibu na pezi la nyuma. Kuna matundu mawili. La pili kwa jike ni pana; kwa dume ni dogo, limechongoka. Lazima umalize kabla hajaanza kutapatapa. Madume wakizidi kwenye tangi dogo watafukuzana, na asubuhi utaokota maiti wenye mapezi yaliyochanika.

Wenzetu wa pwani hawana taabu hii. Pono, na ndugu zake wadogo wa matumbawe wanaofugwa kwenye matangi ya maji ya chumvi, wengi huanza maisha wakiwa majike. Dume mkubwa akifa, jike anayemfuata kwa ukubwa hushika nafasi yake. Mtafiti D. R. Robertson alilieleza jambo hilo mwaka 1972 kwa yule mdogo anayewasafisha samaki wengine: saa chache tu baada ya dume kuondoka, jike anaanza vitisho vya kidume, na baada ya wiki mbili au zaidi anatoa mbegu za kiume. Mfugaji hununua wadogo wawili, akawaacha waamue wenyewe. Tropheus hafanyi hivyo. Alivyo ndivyo atakavyobaki, kwa hiyo jibu lilipaswa kutoka Bujumbura, kwenye kiganja cha mtu.

Kazi ya wazamiaji ilikuwa ngumu kuliko yetu. Frontosa, yule wa Burundi mwenye kibyongo na mistari sita, anakaa kilindini. Ukimpandisha kwa pupa kibofu chake cha hewa kinavimba, anaelea tumbo juu. Hutiwa kwenye pipa lenye matundu, pipa likavutwa hatua kwa hatua, likaachwa, likavutwa tena, kazi ya siku kadhaa. Mchana, wavuvi wa ndagala wakiwa wamelala, wenzetu walikuwa wanalinda pipa.

Kisha sashe, yaani mifuko ya plastiki. Samaki hashibishwi kabla ya safari, asije akachafua maji yake. Maji kidogo, oksijeni nyingi, mipira miwili ya kufungia, sashe ya pili juu ya ya kwanza, halafu boksi la povu jeupe. Kuanzia hapo saa zinahesabika, na ndege ndiyo kila kitu. Vita vilianza Burundi 1993. Julai 1996 nchi jirani zilituwekea vikwazo vilivyodumu hadi Januari 1999. Tarehe 4 Desemba 2000 ndege ya Sabena ilipigwa risasi ikitua Bujumbura. Shirika likasimamisha safari, na mwaka uliofuata lenyewe likafilisika. Mukeke akikosa ndege analiwa mtaani Ngagara jioni ileile. Tropheus akikosa ndege ni hasara tupu.

Siku hizi wengi wa samaki hawa huzaliwa hukohuko Ulaya, wajukuu na vitukuu vya samaki waliopanda ndege hapa, na muuzaji bado anataja jiwe walikotoka mababu: Nyanza-Lac, kwa mfano, kwa kuwa kila mwamba una rangi yake. Mfugaji wa Tropheus hununua wadogo kumi na tano au ishirini kwa mkupuo. Haulizi dume wala jike. Anawaacha wakue, wanaozidi anawauza.