Lugalo kwa Askari wa Risasi

Tarehe 17 Agosti 1891, msafara wa kijeshi wa Wajerumani ulikuwa ukipita Lugalo, karibu na Iringa ya leo, watu wakifuatana mmoja nyuma ya mwingine katika njia nyembamba iliyozungukwa na vichaka na mawe. Walikuwamo Wazungu wachache, askari zaidi ya 300, wapagazi wapatao 170, na punda waliobebeshwa mizinga. Aliyeuongoza alikuwa Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimwita Nyundo. Wapiganaji wa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, waliokuwa wamejificha kando ya njia waliinuka ghafla, na mapigano yenyewe hayakufika hata nusu saa. Zelewski aliuawa pamoja na Wazungu wengine tisa, askari wapatao 250 na wapagazi wengi. Sisi tunalisikia jina la Lugalo kila siku kwa sababu ya kambi ya jeshi na hospitali iliyoko Dar es Salaam. Huko Ulaya na Marekani ni watu wachache mno wanaolijua, na miongoni mwa hao wachache wamo mafundi wa jambo ambalo wengi wetu hatujalifikiria: kuunda upya vita hivyo juu ya meza, kwa visanamu vya askari vyenye kimo cha milimita 28. Nashikilia kwamba kazi hiyo ya kutafuta visanamu, kuvikata na kuvibadilisha ni njia halali ya kuihoji historia, na kwamba pengo linaloonekana sokoni, yaani kisanamu kinachotakiwa lakini hakiuzwi popote, linatuonyesha nani aliyesahauliwa katika masimulizi ya vita vya Uhehe.

Ufundi wenyewe una umri mkubwa. Mafundi wa Nürnberg, Ujerumani, walikuwa wakimimina askari bapa wa bati tangu zamani, na katika karne ya 19 bidhaa hiyo ilienea Ulaya nzima. Mwaka 1893 kampuni ya William Britain ya London ilianza kutumia mbinu ya kumimina risasi iliyoyeyushwa ndani ya kalibu na kuimwaga ingali moto, ili libaki ganda tupu. Askari akawa mwepesi, na bei yake ikashuka. (Kiswahili kimeyaita madini hayo na kitu kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki kwa jina moja, na katika habari hii maana hizo mbili zimekutana kwa haki.) Mwandishi H. G. Wells alichapisha mwaka 1913 kitabu cha kanuni za mchezo wa vita vya sakafuni, na baadaye watu wazima wakaufanya kuwa shughuli yao ya dhati, wenye kusoma shajara za maofisa na orodha za silaha kabla ya kupaka rangi kofia moja. Lakini sheria ya biashara haikubadilika. Kutengeneza kalibu ni gharama, na gharama hurudi pale tu penye wanunuzi wengi. Wanunuzi hufuata vita wanavyovijua, na vita wanavyovijua ni vile vilivyopata filamu. Filamu ya mwaka 1964 kuhusu mapigano ya Rorke's Drift iliwafanya Wazulu wa mwaka 1879 wajulikane duniani kote, na leo Mzulu wa plastiki anauzwa kwa masanduku. Mhehe hakupata filamu.

Anayetaka Lugalo, basi, huanza kwa kuazima. Yupo Mzulu. Ipo pia mikusanyo ya visanamu vya Afrika ya karne ya 19, hasa ile iliyochongwa na Mark Copplestone kwa ajili ya kampuni ya Wargames Foundry; jina la mikusanyo hiyo linafuata lile la kitabu cha mvumbuzi Stanley cha mwaka 1890, pamoja na giza lake la kubuni. Wapo askari wa Kijerumani wa vita vya 1914 hadi 1918, kwa sababu Lettow-Vorbeck, kamanda wao wa Afrika Mashariki, naye ana wasomaji wengi. Jambo la kwanza linalomjia mwanzilishi ni kumchukua Mzulu na kumfanya Mhehe: apasue ngao yenye safu mbili za vipande vya ngozi katikati, apige tupa kile kilemba kigumu cha kichwani, aondoe mikia ya manyoya, kisha amfunge shuka kwa udongo wa gundi. Kwa mtazamo wa fundi ni kazi nzuri. Kwa mtazamo wa historia ina mtego. Miongoni mwa askari wa Zelewski walikuwamo watu ambao Wajerumani wenyewe waliwaita Wazulu. Kwa kweli wengi wao walikuwa Washangaan walioandikishwa Msumbiji, ambako uzao wa vita vya akina Shaka ulikuwa umefika na kuweka makao. Kwa hiyo mtu aliyeitwa Mzulu alikuwapo Lugalo akiwa amevaa sare na kushika bunduki, upande wa Nyundo. Yule fundi aliyemgeuza kuwa Mhehe amemhamisha upande bila kujua. Kosa lake linatokana na dhana iliyozoeleka kwamba mwenye jina la Kiafrika na mkuki lazima atakuwa adui wa mkoloni, na mwenye bunduki atakuwa mtu wa mkoloni tu, asiye na asili.

Asili ya askari hao ndiyo inayofanya sehemu ya pili ya kazi iwe na manufaa. Hermann von Wissmann alipotumwa mwaka 1889 kuvunja upinzani wa Abushiri, hakuja na jeshi kutoka Ujerumani. Alipitia Cairo, akaandikisha Wasudani wapatao 600. Watu hao walikuwa wamelitumikia jeshi la Misri, wakaachwa bila kazi baada ya Mahdi kuitwaa nchi yao. Akaongeza Washangaan kutoka Msumbiji na kundi dogo la watu wa pwani. Mwaka 1891 kikosi hicho kikawa jeshi rasmi la koloni, na huo ndio mwaka wa Lugalo. Sasa fundi akitafuta kisanamu kinachomfaa, askari wa Kijerumani wa mwaka 1914 anamletea taabu: kofia yake yenye kitambaa cha kufunika shingo na mikoba yake ni vya jeshi lililokwisha kupewa sare moja. Hata hivyo bunduki yake huenda isihitaji kuguswa, kwani kampuni nyingi za askari mwaka 1914 zilikuwa bado na Mauser ya 1871 inayopiga risasi moja moja na kutoa wingu la moshi. Mwili unaofaa zaidi unapatikana kwenye visanamu vya vita vya Sudan, kwa Wasudani wa jeshi la Misri wenye tarbushi. Fundi anayefikia uamuzi huo amefuata njia ileile waliyoifuata wale watu, kutoka mto Nile hadi Bagamoyo. Somo la vitabuni kwamba ukoloni wa Kijerumani hapa kwetu ulijengwa kwa wanajeshi waliobaki kutoka kwenye vita vya himaya nyingine linakuwa kitu cha kushikwa mkononi.

Inaweza kusemwa kwamba haya ni mambo madogo mno, na kwamba kwenye kimo cha milimita 28 hakuna atakayeona kama kofia ni ya mwaka huu au ule. Ni kweli kwamba kifungo hakionekani. Mkao wa mwili unaonekana hata kwa mtu aliyesimama mlangoni, na mkao ndio wenye uzito hapa. Visanamu vinavyouzwa karibu vyote vinapiga risasi, vimepiga goti au vinakimbia na singe mbele. Weka 30 kati ya hivyo mezani na tayari umeshasema kwamba Lugalo palikuwa na mstari wa askari waliolenga shabaha, halafu wakazidiwa nguvu. Haikuwa hivyo. Masimulizi ya walionusurika yanakubaliana kwamba askari walikuwa wakitembea, bunduki zao hazikuwa tayari, na wengi walipata nafasi ya kupiga risasi moja au mbili tu, huku punda walioshtuka wakivuruga safu. Mizinga haikufanya kazi kwa sababu ilikuwa mgongoni mwa mnyama. Fundi mkweli hulazimika kukata mikono ya askari wake kwa kisu, kutoboa bega kwa keekee nyembamba, kuingiza waya, na kuiweka bunduki begani kwa mtu anayetembea. Na Mhehe naye asiinue mkuki juu ya kichwa huku akipiga kelele kama anavyouzwa. Ainame, goti moja chini, macho njiani. Baada ya kazi hiyo ndipo ushindi wa Mkwawa unapoonekana ulivyokuwa: kazi ya upelelezi, subira na nidhamu ya watu waliokaa kimya mpaka msafara wote uliposogea karibu. Kisanamu kinachopiga kelele kinaufuta ushindi huo na kuweka mahali pake ghadhabu ya mshenzi, kama magazeti ya Berlin yalivyopenda iwe.

Kisha yupo mpagazi. Chukua kisanamu kimoja kwa kila watu kumi, na msafara wa Zelewski utakuwa na askari wapatao 32, wapagazi 17 na Mzungu mmoja. Masanduku ya dukani yana uwiano wa kinyume kabisa: maofisa wa Kizungu kwa mikao mingi, askari wa kutosha, na wapagazi wachache wanaouzwa kama nyongeza ya wapelelezi waliosafiri kutafuta maziwa na mito. Ni rahisi kuwalaumu wafanyabiashara, lakini hata sanamu kubwa tulizonazo zimefanya vivyo hivyo. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, ina mwanajeshi mmoja wa shaba na singe yake. Ile ya Nairobi, ya mwaka uliofuata, kazi ya mchongaji huyohuyo, ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Dar es Salaam kumbukumbu ya wapagazi imekaa kwenye jina la soko la Kariakoo, ambalo wengi wanalitamka bila kukumbuka kwamba limetokana na kikosi cha wabeba mizigo wa vita vya 1914. Mpagazi alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, akalala nje, na pale Lugalo akafa bila hata silaha ya kujitetea. Hakuna jeshi la kikoloni lililosogea hatua moja bara bila yeye. Kumtengeneza kutokana na visanamu vya watu wengine ni kazi ya kuchosha: mwili wa mwanakijiji, mikono iliyoinuliwa ya mpiga ngoma, mzigo wa udongo uliofungwa kwa uzi. Lakini meza isiyo na watu 17 wa aina hiyo ni meza ya uongo, hata kama kila tarbushi ina rangi sahihi.

Pingamizi zito zaidi ni la heshima. Watu walikufa Lugalo, na miaka saba baadaye, tarehe 19 Julai 1898, Mkwawa mwenyewe alijipiga risasi Mlambalasi ili asikamatwe. Fuvu lake lilitajwa kwenye kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles na likarejeshwa Kalenga mwaka 1954 tu. Je, ni haki msiba huo uwe mchezo wa mtu wa mbali? Nalichukulia swali hili kwa uzito, na nakubali kwamba yapo mambo yasiyofaa kuwekwa mezani. Mauti ya Mlambalasi ni mojawapo. Lakini sikubali kwamba udogo wa sanamu ndio unaoleta dharau. Mwaka 1909 Wajerumani walisimamisha Dar es Salaam sanamu kubwa ya Wissmann, na miguuni pake askari Mwafrika akimtazama kutoka chini. Hakuna aliyeiita mchezo. Ilizinduliwa kwa heshima zote, baadaye ikapelekwa Hamburg, na wanafunzi wa huko ndio walioiangusha mwishoni mwa miaka ya 1960. Dharau ilikuwa katika mpangilio: nani yuko juu, nani anamtazama nani. Mpangilio huohuo unaweza kurudiwa au kukataliwa kwa visanamu vya milimita 28, na fundi ndiye anayeamua.

Atakuja mwingine na kusema kwamba usahihi wote huu unatoka kwa maofisa wa Kijerumani, kwa hiyo anayetafuta usahihi anajifunga kwenye jicho lao. Sehemu ya hoja hiyo ni kweli. Ernst Nigmann, aliyeandika kitabu kuhusu Wahehe mwaka 1908, alikuwa ofisa wa jeshi hilohilo. Magdalene von Prince, ambaye kumbukumbu zake zimejaa habari za Iringa, alikuwa mke wa Tom Prince aliyemwinda Mkwawa. Lakini vyanzo havikuishia hapo. Alison Redmayne alikusanya masimulizi ya Wahehe wenyewe na kuyachapisha mwaka 1968, yakiwekwa sambamba na taarifa za Kijerumani, na makumbusho ya Kalenga yapo. Tena kazi ya mikono ina ukali ambao maandishi hayana. Mwandishi anaweza kuandika kwamba wapiganaji walikuwa na silaha mbalimbali, akaendelea na sentensi nyingine. Fundi hawezi, kila mkono unataka kitu cha kushika, na lazima aamue ni kitu gani.

Uamuzi huo unakuwa mgumu zaidi anapotoka Lugalo kwenda Kalenga, ngome ya mawe ambayo Wajerumani waliivunja tarehe 30 Oktoba 1894. Katikati ya vita hivyo viwili Mkwawa alikuwa na bunduki kama 300 zilizoachwa na wafu wa Zelewski, lakini watu wake waliendelea kuutegemea mkuki, silaha waliyofundishwa na kuizoea. Kwenye kisanduku cha mabaki cha fundi imo mikono aliyoikata kwa askari wa msafara, bado imeshika Mauser ya 1871. Akichukua mmoja, akausafisha kwa msasa na kuupachika kwa Mhehe aliyesimama ukutani, bunduki imefuata njia iliyoifuata kweli. Inabaki kuamua ni Wahehe wangapi kati ya 20 watakaopewa, na wangapi watabaki na mikuki yao.